Bunduki ya mbao au ya kisasa: jibu kwa anayetaka moja tu

Msomaji ameuliza hivi, nafupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Leseni nimeshapata, klabu ya shabaha nimeshajiunga, sasa nataka bunduki yangu ya kwanza ya nusu-otomatiki. Kuna mzee mmoja wa klabu anauza M1 Garand ya zamani ya mbao, nzuri balaa, na kuna AR-15 mpya dukani. Nitalenga zaidi mita 100 mpaka 200, na mara mojamoja nataka kwenda kuwinda. Moyo uko kwa ile ya mbao, wenzangu wote wananiambia chukua ya kisasa. Na je, Garand naweza kuifunga darubini? Nishauri."

Marahaba ndugu yangu. Nitakujibu kirefu maana hili swali naulizwa sana na majibu mengi watu wanayopewa ni ya ushabiki tu, huyu mshabiki wa chuma cheusi, yule mshabiki wa mbao, basi wanabishana mpaka jioni na muulizaji anaondoka hajasaidika.

Kabla ya yote, sheria. Najua umesema leseni unayo lakini leseni ya kumiliki bunduki haimaanishi unaruhusiwa kila aina ya bunduki, na hapa ndo watu wanaumia. Uingereza kwa mfano tangu 1988 raia haruhusiwi nusu-otomatiki yoyote ya risasi kubwa, iwe ya mbao iwe ya plastiki, zimebaki zile ndogo za .22 tu. New Zealand walibana mwaka 2019, Australia walibana 1996. Canada mwaka 2020 waliipiga marufuku AR-15 pamoja na M14, Garand haikuwemo kwenye ile orodha, sasa angalia hapo, M14 ni mtoto wa Garand kabisa, wamefanana mpaka sauti, mmoja kapigwa chini mwingine kaachwa. Na Marekani kwenyewe zilikozaliwa zote mbili kuna majimbo kama California na New York yanayoangalia vitu kama mshikio wa bastola ukiwa pamoja na magazini (kisanduku cha risasi) ya kuchomoka, kwa hiyo AR inabidi ibadilishwe sura ndo iuzwe, wakati Garand inapita bila shida maana haina hivyo vitu. Kwa hiyo kaulize ofisi inayotoa leseni, upate jibu la maandishi kwa modeli yenyewe kwa jina lake, usitegemee maneno ya muuzaji. Ikitokea moja hairuhusiwi unakoishi basi swali lako limejijibu na mimi napumzika.

Tuseme zote zinaruhusiwa. Jambo la kwanza nataka likutoke kichwani ni hilo neno "ya kisasa". AR-15 sio kitu cha jana. Eugene Stoner na wenzake pale ArmaLite waliichora mwishoni mwa miaka ya 1950, wakatoa kwenye AR-10 ambayo ni ya katikati ya miaka hiyo hiyo, Colt wakanunua haki mwaka 1959 na mwaka 1964 raia wakaanza kuuziwa. Garand ilipokelewa na jeshi la Marekani 1936 na iliendelea kutengenezwa mpaka 1957. Yaani hizi bunduki mbili karibu zigusane, moja inatoka kiwandani nyingine inaingia. Hata ule mtindo wa AR wa kupeleka gesi moja kwa moja nyuma bila pistoni ndefu, Wasweden walishautumia kwenye Ljungman yao ya 1942, na Wafaransa kwenye MAS-49. Kilicho cha kisasa kwenye AR ni vile vitu vinavyoizunguka, reli za kufungia vifaa, mitutu mizuri ya bei ya kawaida, saiti za nukta nyekundu, na kubwa kuliko yote ni viwanda vingi sana vinavyotengeneza vipuri vyake leo hii unavyosoma hapa. Garand ni bora sana lakini kiwanda chake kilifungwa, na zaidi ya milioni 5 zilizotengenezwa ndizo hizo hizo zinazozunguka, zinachakaa, zinakarabatiwa, zinauzwa tena.

Kwa hiyo mimi ninapomshauri mtu siangalii umri wa bunduki. Naangalia vitu viwili, utailisha nini, na ikichakaa nani atairudisha. Vingine vyote ni raha.

Tuanze na chakula maana hapo ndo Garand inachagua. Inakula .30-06, risasi ya mwaka 1906, kubwa na ina nguvu, na kila siku ya Mungu itakuwa ghali kuliko .223 ya AR, mara nyingi mara mbili au zaidi. Moja ina uzito wa kama gramu 26, ya AR ni kama gramu 12, ukibeba mia moja uwanjani begi linakwambia tofauti lenyewe. Bei tungeisamehe, shida kubwa ni kwamba huwezi kuchukua .30-06 yoyote dukani ukatia. Ndani ya Garand kuna ile fimbo ndefu ya chuma inayotoka mbele kabisa chini ya mtutu, imepindapinda kwa makusudi, inarudi mpaka kwenye bolti, kile chuma kinachofunga risasi nyuma ya mtutu. Gesi inatoka kwenye tundu dogo karibu na mdomo wa mtutu, inasukuma hiyo fimbo nyuma, fimbo inafungua bolti, ganda linaruka, risasi nyingine inapanda. Garand imezoea risasi ya jeshi yenye kichwa cha kama gramu 9.7 na baruti ya kuungua kwa kasi fulani. Zile risasi za dukani za kuwindia zenye vichwa vizito, gramu 11.7 kwenda juu, zinatumia baruti ya polepole, maana yake risasi inapofika kwenye lile tundu bado nyuma yake kuna presha kubwa mno, fimbo inapigwa kuliko ilivyozoea, na baada ya muda inapinda. Ikipinda vibaya bunduki inaanza kukwama, na fimbo nzuri ya asili siku hizi ni ya kutafuta kwa tochi.

Dawa zipo mbili. Unanunua risasi zilizoandikwa kabisa kwenye boksi kwamba ni za M1 Garand, Hornady wanazo, Federal wanazo. Au unanunua ile plagi ya gesi ya kurekebisha unaifunga mbele, unaanza nayo imefunguliwa sana halafu unaibana kidogo kidogo mpaka bunduki ifanye kazi yake bila kupigwa kwa nguvu. Mimi nashauri mtu mpya aanze na ile ya kwanza, plagi ni nzuri kwa anayejua anachokisikia begani.

Halafu zile risasi za jeshi za zamani zinazouzwa kwa makopo. Nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1950, na nyingi zilizotoka nchi za Mashariki hata baada ya hapo, zina praima (kile kidonge cha kuwashia baruti) yenye chumvi. Ukishafyatua chumvi inabaki ndani ya mtutu inavuta unyevu wa hewa, wiki haiishi kutu imeshaingia. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi, chumvi inaondolewa na maji. Unapitisha maji ya moto kwenye mtutu, unakausha vizuri, ndo unapaka mafuta. Watu wanaogopa kutia maji kwenye bunduki, wanamwaga mafuta ya bei mbaya juu ya chumvi halafu wanashangaa.

AR kwenye chakula haina makuu lakini nayo ina mtego wake. Angalia kilichochongwa kwenye mtutu. Ukikuta 5.56 unaweza kufyatua 5.56 ya kijeshi na .223 ya dukani bila wasiwasi. Ukikuta .223 Remington pekee, usitie 5.56, zinafanana kwa macho lakini chemba (nyumba ya risasi nyuma ya mtutu) ya .223 ni fupi pale mbele kichwa cha risasi kinapoanza kukamata mifuo, ile michirizi ya ndani ya mtutu, presha inapanda. Kuna chemba ya tatu inaitwa .223 Wylde, hiyo inakubali zote na ndio naipenda kwa mlenga shabaha. Na siku ukiingia tamaa ya kununua mtutu wa pili wa .300 Blackout, maana AR inakuruhusu kubadilisha nusu ya juu kwa kuchomoa pini mbili tu, tenganisha magazini zako kwa rangi, weka utepe, andika, fanya unachoweza. Magazini ni zile zile, na risasi ya .300 ikipotea njia ikaingia kwenye mtutu wa 5.56 kuna uwezekano bolti ikafunga, ukivuta triga mtutu unapasuka usoni kwako. Hii imetokea kwa watu wengi wenye akili zao timamu.

Sasa bega. Teke la Garand sio la kutisha, uzito wake wa kilo 4.3 unasaidia sana, na watu wanaoogopa wakija kuijaribu wanakuta ni msukumo mpana tu. Lakini ukilinganisha na AR ni kama mara tatu au nne hivi kwa nguvu, na hilo utalijua ukifika risasi ya hamsini. Mtu anayejifunza anahitaji kufyatua nyingi, tena bila kusubiri maumivu, maana ukishaanza kulisubiri teke unafumba jicho na kuisukuma bunduki chini kabla haijalia, na tabia hiyo ikishaota kuing'oa ni kazi. Hapa AR inashinda bila ubishi, na ndio sababu yangu kubwa ya jibu nitakalokupa huko chini. Kingine, kitako cha AR kinavutwa mbele na nyuma, mke wako au kijana wako mkubwa akienda nayo uwanjani anarekebisha kwa sekunde mbili. Garand kitako ni kile kile alichopimiwa askari wa 1940, kikikutosha bahati yako.

Kwa shabaha, nisikudanganye, Garand ya kawaida yenye mtutu mzima ukiweka risasi nzuri itakupa kundi la sentimita 8 mpaka 12 kwa mita 100. AR ya kawaida ya leo, sio ya mashindano, itakupa kama sentimita 5 au 6, na ukiweka risasi za shabaha kwenye mtutu ambao kinga ya mkono haiugusi inashuka kwenye 3. Ila, na hili wale vijana wa nukta nyekundu hawalijui, saiti za chuma za Garand ni miongoni mwa saiti nzuri kabisa zilizowahi kuwekwa kwenye bunduki ya jeshi. Umbali kati ya saiti ya nyuma na ya mbele ni kama sentimita 70, unachungulia kwenye kitundu, unazungusha kitufe kinalia kick, kila mlio ni kama sentimita 3 kwa mita 100. Mtu aliyejifunzia hapo ukimpa bunduki nyingine yoyote atalenga. Mimi mwenyewe nikitaka kuujua uwezo wa mtu simpi darubini, nampa Garand na risasi nane.

Na zile nane zenyewe zina utaratibu wake. Garand haina magazini ya kuchomoka, risasi zinabanwa na klipu ya chuma na klipu nzima inazama ndani. Unavuta mpini nyuma mpaka bolti ikae, unashika mpini na upande wa kiganja cha kulia, unasukuma klipu chini kwa dole gumba mpaka inate, halafu unatoa dole haraka kwenda juu na kulia ndo unaachia mpini. Ukisahau kushika mpini bolti inakuja yenyewe na dole gumba linabaki njiani. Hakuna anayesahau mara mbili. Ukimaliza ya nane klipu inaruka nje na ule mlio wa "ping" ambao nusu ya wanaonunua Garand wanaununua huo, tuwe wakweli. Lakini ukifika ya tano ukataka kuongeza tatu, haiongezeki kirahisi, inabidi utoe klipu yote. Na kama ni shabaha ya moja moja, usiitupe risasi kwenye chemba ukaachia bolti ya Garand ikaigonga, pini yake ya kufyatulia inaelea haina springi, bolti ikija kwa kasi pini inaweza kugusa praima na bunduki ikalia hujagusa triga. SKS, ile nusu-otomatiki ya Kirusi, nyingi nazo ndo zilivyo, tena mbaya zaidi kama bado ina ile grisi nzito ya ghalani ndani ya bolti, pini inaganda imetokeza mbele. Bolti ya SKS iliyotoka ghalani unaifungua yote, unaichemsha, unaisafisha mpaka ukiitikisa usikie pini inacheza kwa uhuru.

Kuhusu matunzo watu wana imani potofu kwamba ya zamani ni ngumu isiyokufa na ya kisasa ni lelemama. Garand inataka grisi, kidogo kidogo, kwenye masikio ya bolti na mahali fimbo inapopita, ukitia mafuta mepesi yanakimbia. Mbao yake inakunywa unyevu, inavimba, inasinyaa, na ikishachoka vyuma vinaanza kucheza ndani ya kitako na shabaha inatawanyika. AR inataka mafuta, tena usiyaonee huruma, kwa sababu gesi chafu inarudi mpaka kwenye bolti, masizi yanajaa, lakini ikiwa na mafuta inaendelea kufanya kazi ikiwa chafu hivyo hivyo. Bolti yake ihesabu kama kipuri cha kubadilisha, baada ya maelfu mengi ya risasi masikio yake yanaweza kupata ufa, unanunua nyingine, unapima nafasi ya chemba na geji, unaendelea. Mtutu ukiisha hivyo hivyo, nati moja kubwa na spana yake, kazi ya mchana mmoja. Mtutu wa Garand ukiisha unahitaji fundi mwenye vifaa vya kuukaza na geji za kupimia chemba, na fundi wa hivyo hapatikani kila mtaa, na aliyepo ana foleni.

Kuwinda umetaja kwa pembeni lakini kunabadilisha hesabu. .30-06 inaangusha karibu kila mnyama wa kawaida wa kuwindwa, .223 ni risasi ndogo na sehemu nyingi hairuhusiwi kwa wanyama wa umbo la kulungu. Colorado kwa mfano kaliba ya chini kwa wanyama wakubwa ni .24, na nusu-otomatiki isizidi risasi sita ukijumlisha ya kwenye chemba, kwa hiyo hapo AR ya .223 inakataliwa kwa kaliba na Garand ya risasi nane inakataliwa kwa hesabu. Garand unaiokoa na klipu za risasi tano, zipo, zilitengenezwa kwa ajili hiyo hiyo. AR unaiokoa na nusu ya juu ya kaliba nyingine, 6.5 Grendel ni chaguo zuri, na magazini fupi. Ila kutembea na kilo 4.3 za Garand porini kutwa nzima, halafu risasi za kuwindia zenyewe ndo zile nzito nilizokwambia zinapinda fimbo, mimi naona unajitafutia kazi. Kama kuwinda ndo lengo kuu chukua bolti ya kawaida ya kuvuta kwa mkono achana na hizi zote.

Basi jibu langu. Kama ni moja tu, na ndo ya kwanza, chukua AR. Chukua mtutu wa inchi 16 wenye bomba la gesi la urefu wa kati, chemba ya 5.56 au Wylde, mifuo inayozunguka mara moja kila inchi 8, saiti za chuma kwanza miezi michache ndo ufikirie darubini ndogo. Fedha zinazobaki zote ziende kwenye risasi na mwalimu. Usinunue mataa na mishikio na vikorokoro, utaiua ile faida ya wepesi na ukirudi uwanjani bado hujui kuvuta triga.

Lakini umesema moyo uko kwa ile ya mbao na mimi moyo siudharau, maana bunduki usiyoipenda hutaenda nayo uwanjani. Kama unajijua kwamba unachotaka ni kile chuma na historia yake, John Garand yule Mkanada aliyekaa miaka pale Springfield akichonga mpaka mashine za kuitengenezea, na uko tayari kufyatua risasi arobaini kwa Jumamosi badala ya mia mbili, nunua Garand na usijute, mashindano yake yapo mpaka leo na utakuta wazee wazuri wa kukufundisha. Na kama umegawanyika kabisa kuna Ruger Mini-14, ya miaka ya 1970, bolti yake imeigwa kwa Garand na M14, mbao ipo, inakula .223 ile ile ya bei nafuu. Shabaha yake sio ya AR na magazini zake nzuri ni za kiwanda chenyewe, lakini kwa wengi inamaliza ubishi.

Ukienda kuiangalia ya huyo mzee, nenda mchana na tochi ndogo. Hakikisha ni tupu, bolti nyuma, tia kidole kwenye chemba. Halafu muombe aifungue mbele yako, akikataa rudi nyumbani. Kilinda triga kikifunguliwa na kufungwa kiwe kigumu, uhisi mbao inabanwa, kikifunga kirahisi kama mlango wa kabati mbao imechoka. Toa springi ya fimbo, rudisha fimbo na bolti, inamisha bunduki mbele na nyuma, bolti ifunguke na kufunga yenyewe kwa uzito wake bila kukwaruza. Ikisita mahali pale pale kila mara basi fimbo imepinda au inagusa mbao. Mdomo wa mtutu upimwe na geji, na kooni pia, pale mifuo inapoanza mbele ya chemba, kama hana geji tia risasi ya bandia kwa mbele uone imemezwa kiasi gani, kichwa kikizama mpaka shingo ya ganda mtutu umekwisha hata kama ndani unang'aa. Kung'aa sio kipimo, mtutu unaweza kung'aa kama kioo na mdomo umeliwa na fimbo za kusafishia za vijana wa jeshi waliokuwa wanasafishia kwa mbele.

Na uangalie sana ule mwili wa chuma wenye namba ya mfululizo nyuma. Kuna Garand zilizokatwa vipande na serikali ili zisitumike tena, halafu watu wakaja wakaziunga kwa kuchomelea na kuziuza kama nzima. Tafuta mstari wa kuchomelea katikati, rangi mbili za chuma, alama za jiwe la kusagia. Ukiona dalili hata moja usiinunue kwa bei yoyote, hiyo ni ya kutundika ukutani. Ukiwa Marekani, njia salama kuliko zote ni ile taasisi ya CMP inayouza Garand za serikali kwa raia wanaokidhi masharti, zinakuwa zimeshapimwa mdomo na koo na zimepangwa kwa madaraja, unajua unachonunua.

Mengine ya kawaida lakini nayasema kwa kila mtu. Masikio yazibwe muda wote, zote mbili zinapita desibeli 150 na sikio likishakufa halirudi, mimi navaa vizibo ndani na vifuniko juu. Miwani pia, Garand inarusha klipu na maganda juu na hayana adabu. Nyumbani ikae kwenye kabati la chuma lenye kufuli, risasi kwenye kabati lake, na funguo usizitundike mlangoni.

Darubini kwenye Garand sasa. Usiitoboe. Nakuomba. Kwa sababu klipu inaingilia juu, darubini haiwezi kukaa katikati, hata zile za wadunguzi wa jeshi zilikaa pembeni kushoto na kitako kikaongezwa pedi ya ngozi ili shavu lifike. Kutoboa ule mwili wa chuma kunashusha thamani ya bunduki siku hiyo hiyo na hakuna fundi wa kuirudisha ilivyokuwa. Kama macho yanakusumbua kuna bamba linalokaa mahali pa kinga ya mkono ya nyuma, mbele ya chemba, linafungwa bila kutoboa na linabeba darubini ya kutazamwa jicho likiwa mbali nayo au nukta nyekundu ndogo, ukichoka unalitoa na mbao ya asili unairudisha. Hiyo mbao ya asili ihifadhi, usimpe mtu.